Mzigo Ukae Wapi? Somo la Kusawazisha Mkokoteni

Wazee walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Anayetazama kando huona mzigo ni mwepesi, lakini anayeubeba ndiye anayejua. Somo letu la mara hii ni juu ya mzigo wa aina hiyo: ule ambao kijana wa mkokoteni anaubeba mkononi siku nzima, na sisi wanakikundi hatuuoni.

Nianze na kisa kilichotokea hapa Satellite.

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana kilichanga pesa mwaka mzima kikanunua mkokoteni. Walitaka kuuza maji kwa mitungi wakati mifereji imekauka, na siku nyingine kuukodisha kwa watu wanaohama nyumba au wanaoleta mboga kutoka sokoni. Mwezi wa kwanza kazi ilienda vizuri. Mwezi wa pili, kijana aliyekuwa akiuvuta alifika kwa mteja na mitungi 10. Akaegemeza mpini juu ya jiwe, akasimama pale mbele kupumzika. Mwenzake akaanza kushusha mitungi ya mbele, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Alipotoa mtungi wa pili, mpini uliruka juu ghafla ukampiga yule kijana chini ya kidevu. Meno mawili yalitoka.

Kikundi kilipokutana, wengi walimlaumu. Walisema alikuwa anacheza. Nilipomtembelea nyumbani aliniambia, "Hapana, madam. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Hiyo mkokoteni ndiyo iliamka yenyewe."

Alisema kweli. Mkokoteni huamka wenyewe, na kuna sababu. Kama kikundi kingejua sababu hiyo, kijana angekuwa na meno yake, na pesa za hospitali zingebaki kwenye sanduku. Baadaye tulikaa na kikundi, tukapima, tukahesabu, wakaona kosa lilikuwa la upakiaji na si la kijana. Walimwomba msamaha. Hayo tuliyojifunza siku ile ndiyo ninayowaandikia hapa.

LENGO LA SOMO

Mkimaliza somo hili, kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa nini mpini wa mkokoteni huwa mzito au mwepesi.
2. Kupima uzito unaokaa mkononi mwa mvutaji.
3. Kupanga mzigo, au kusogeza ekseli, ili uzito huo uwe wa kiasi.
4. Kushusha mzigo bila kumuumiza mtu.

Vitu vya kuwa navyo: mkokoteni, mitungi 10 ya lita 20, utepe wa kupimia wa fundi au wa mshonaji, chaki au rangi, mawe manne makubwa, spana, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya watu wa vyuma kuukuu. Kama hamna mizani, msijali, kuna njia nyingine hapa chini.

SEHEMU YA KWANZA: EKSELI NDIYO KITI CHA MIZANI

Mmewaona watoto wakicheza na ubao uliowekwa juu ya gogo, mmoja anakaa huku, mwingine kule. Huyu akipanda, yule anashuka. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni ubao kama huo. Gogo ni ekseli. Mtoto wa upande mmoja ni mzigo ulio mbele ya ekseli, na wa upande wa pili ni mzigo ulio nyuma yake. Mvutaji ni mtu wa tatu, ameshika ncha ya ubao ili usianguke upande wowote.

Kila mzigo una mahali fulani pa katikati, ambapo ukiuinua hapo unatulia bila kulalia huku wala kule. Tupaite mahali hapo kitovu cha uzito. Mama anayebeba kuni kwa kamba kwenye paji la uso anajua jambo hili hata kama hajalisoma darasani. Akifunga kuni zikalala nyuma sana, kamba inamvuta shingo. Akizifunga zikakaa karibu na mgongo, anatembea na anapiga hadithi.

Basi kwa mkokoteni mambo ni matatu:

- Kitovu kikiwa juu ya ekseli kabisa, mkono haubebi kitu. Magurudumu yamebeba yote.
- Kitovu kikiwa mbele ya ekseli, mpini unasukuma chini. Mvutaji anainua.
- Kitovu kikiwa nyuma ya ekseli, mpini unataka kupaa. Mvutaji anakandamiza.

Wengine watasema, "Basi tuweke katikati kabisa, tumalize." Hapana. Mzigo uliokaa katikati kabisa hautulii. Ukipita kwenye shimo mpini unashuka, ukipanda kidogo unapaa, na mvutaji anakuwa kama mtu anayepigana na mbuzi. Tunataka mpini uwe na uzito kidogo wa kushuka chini, wakati wote. Katika vikundi tulivyofanya kazi navyo tumeona kilo 5 hadi 10 mkononi, kwenye njia tambarare, zinamfaa mtu mzima mwenye afya. Chini ya hapo mkokoteni hautulii. Zaidi ya hapo mgongo unalipa.

SEHEMU YA PILI: HESABU NDOGO

Msiogope hesabu. Hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Chukueni uzito wa mzigo. Zidisheni kwa umbali kutoka ekseli hadi kitovu cha mzigo. Gawanyeni kwa umbali kutoka ekseli hadi pale mkono unaposhika mpini. Jibu ndilo uzito wa mkononi.

Mkokoteni wa kile kikundi ulikuwa na sentimita 200 kutoka ekseli hadi mkononi. Mitungi 10 ya lita 20 ni kilo 200 za maji, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. (Mtungi mtupu una uzito wake kidogo, tuuache kwa sasa.) Kwa hiyo:

- Kitovu sentimita 10 mbele ya ekseli: 200 mara 10, gawanya kwa 200. Mkono unabeba kilo 10.
- Kitovu sentimita 30 mbele: kilo 30.
- Kitovu sentimita 10 nyuma: mpini unapaa kwa nguvu ya kilo 10.

Mnaona? Kwa mkokoteni huo, sentimita moja ni kilo moja. Upana wa kiganja cha mkono ni kama sentimita 8 au 9. Kiganja kimoja tu mbele au nyuma kinamfanya mtu afike nyumbani anaimba au afike anashika kiuno.

Sasa turudi kwa yule kijana. Mkokoteni ukiwa mtupu, mpini wake ulikuwa na kilo 4 za kushuka, kwa sababu mbao zake ni ndefu mbele. Walipanga mitungi 5 mbele ya ekseli na 5 nyuma, kila upande kitovu chake kikiwa kama sentimita 40 kutoka ekseli. Pande mbili zilikuwa sawa, kwa hiyo mpini ulibaki na zile kilo 4 tu.

Mtungi mmoja wa mbele una kilo 20, uko sentimita 40. 20 mara 40, gawanya kwa 200, ni kilo 4. Mwenzake alipotoa mtungi wa kwanza, kilo 4 ziliondoka na mpini ukabaki sifuri. Bado ulikuwa umelala kwenye jiwe, hakuna aliyeona hatari. Alipotoa wa pili, kilo 4 nyingine ziliondoka, na sasa upande wa nyuma ndio ulioshinda. Mpini ukapaa. Kijana alikuwa amesimama juu yake.

Kikundi kilipomaliza hesabu hiyo ubaoni, palikuwa kimya. Mama mmoja akasema, "Kumbe tulimlaumu bure."

SEHEMU YA TATU: KUPIMA UZITO WA MKONONI

Fanyeni zoezi hili pamoja, kwenye uwanja ulio sawa.

1. Angalieni magurudumu kwanza. Yote mawili yawe na upepo sawa. Gurudumu likiwa na upepo kidogo, mkokoteni unavuta upande na kipimo kinakuwa cha uongo. Zungusheni kila gurudumu kwa mkono. Likilia au likikwama, tieni grisi au badilisheni beringi kabla ya kuendelea.

2. Pigeni mstari wa rangi juu ya bodi, pale pale juu ya ekseli, kutoka ubavu hadi ubavu. Huo mstari ndio mwalimu wenu. Kila atakayepakia mzigo ataanza kwa kuutazama.

3. Wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu lakini yasiyabane sana, ili mkokoteni usitembee.

4. Inueni mpini hadi urefu ambao mvutaji huushika akitembea. Bodi iwe imelala sawa. Kama bodi inainuka mbele, basi mtu ni mrefu au magurudumu ni madogo, na mzigo wote utakuwa unalalia nyuma. Mpini unaweza kupindwa au kushushwa na fundi wa jua kali ili umfae.

5. Ning'inizeni mizani kwenye tawi au boriti imara, mfunge mpini kwa kamba katika urefu huo huo, msome kilo. Pimeni mkokoteni ukiwa mtupu, halafu ukiwa na mzigo.

Kama hamna mizani, tumieni kapi ya kisima. Itundikeni juu, pitisheni kamba. Ncha moja ifungwe kwenye mpini, nyingine kwenye mtungi mtupu. Mimineni maji lita moja moja hadi mpini uanze kuinuka. Idadi ya lita, mkiongeza kilo moja hivi ya mtungi wenyewe, ndiyo kilo za mkononi. Si sahihi kama mizani, lakini inatosha kuwaonyesha kama ni kilo 8 au ni kilo 28.

SEHEMU YA NNE: KUREKEBISHA

Kuna njia mbili. Anzeni na ile isiyo na gharama.

Njia ya kwanza ni kusogeza mzigo. Kwa ule mfano wetu, chukueni mtungi mmoja ulio sentimita 40 nyuma ya ekseli, muupeleke sentimita 20 mbele yake. Umesafiri sentimita 60. 20 mara 60, gawanya kwa 200, ni kilo 6. Ukiongeza zile 4 za mwanzo, mkono una kilo 10. Mtungi mmoja tu, na kazi imekwisha! Wekeni alama ya rangi mahali pa kila mtungi, ili hata mgeni akipakia apakie vile vile.

Kwa mizigo mingine, kumbukeni haya:

- Kizito kikae karibu na mstari wa ekseli na chini kabisa. Chepesi kikae mbali na juu. Mtu akihama nyumba, jiko la chuma na gunia la mahindi vikae juu ya ekseli. Godoro na viti vya plastiki vikae kokote.
- Kushoto na kulia kuwe sawa. Mkokoteni unaolala upande mmoja unamtoa mvutaji barabarani.
- Pipa la lita 200 lijazwe kabisa au liwe tupu. Pipa nusu ni hatari, kwa sababu maji yanakimbilia nyuma ukipanda na mbele ukishuka. Hapo hesabu yote inavurugika njiani.
- Fungeni kwa kamba. Mzigo uliopangwa vizuri na haukufungwa, shimo la kwanza linaupanga upya.

Njia ya pili ni kusogeza ekseli. Hii ni ya mkokoteni ambao hata ukipangwa vipi mpini ni mzito, au unapaa. Mara nyingi fundi aliweka ekseli pale palipokuwa na mbao nzuri bila kupima. Kumbukeni sheria hii: ekseli ikienda mbele, mpini unakuwa mwepesi. Ekseli ikirudi nyuma, mpini unakuwa mzito.

Shusheni mzigo wote. Egemezeni bodi juu ya matofali au magogo imara pande zote mbili, mtu asiingie chini ya mkokoteni ulioinuliwa kwa jeki peke yake. Legezeni nati za zile bolti zinazokumbatia ekseli, msogeze sentimita 5 tu kwa mara moja. Pimeni kwa utepe kutoka kona ya bodi hadi ekseli, upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo viwe sawa kabisa, la sivyo mkokoteni utatembea kwa ubavu kama kaa na matairi yataisha haraka. Kazeni nati, pakieni, pimeni tena. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, kazeni tena.

Kama ekseli imechomelewa, msiikate wenyewe. Mpelekeeni fundi anayeaminika na mumweleze mnataka nini. Mtu akienda na kipimo mkononi, fundi hawezi kumwambia "itakaa tu".

SEHEMU YA TANO: KUPANDA NA KUSHUKA

Hapa kwetu njia si tambarare. Anayetoka Kawangware au Riruta kwenda Waithaka, Kabiria au Dagoretti anajua. Unashuka hadi kwenye daraja, unapanda tena.

Mkokoteni ukipanda mlima, kitovu cha mzigo kinarudi nyuma. Ukishuka, kinakuja mbele. Kadiri mzigo ulivyo mrefu kwenda juu, ndivyo kinavyohama zaidi. Chukueni njia inayopanda mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Mzigo wa kilo 200 ambao kitovu chake kiko sentimita 60 juu ya ekseli utahama kama sentimita 6, yaani kilo 6 kwa mkokoteni wetu. Aliyekuwa na kilo 10 mkononi atabaki na 4 akipanda, na atakuwa na 16 akishuka. Hiyo inavumilika.

Lakini mkipanga magunia ya makaa hadi juu, kitovu kikafika mita 1 juu ya ekseli, kinahama sentimita 10. Akipanda ana sifuri. Akishuka ana kilo 20. Mlima ukiwa mkali mara mbili ya hapo, akipanda mpini unapaa kwa nguvu ya kilo 10. Nimeona kwa macho yangu mwanamume mzima ananing'inia kwenye mpini, miguu haigusi lami, na matatu inapiga honi nyuma yake.

Kisha kuna breki. Wale wa Marikiti na masoko mengine ya Nairobi wanafunga kipande cha tairi kuukuu nyuma ya mkokoteni. Mvutaji akitaka kupunguza mwendo kwenye mteremko, anainua mpini juu, nyuma inashuka, tairi linasugua barabara. Ni breki nzuri na haina gharama. Lakini inafanya kazi kwa sharti moja: mvutaji aweze kuinua mpini. Kama mmempakilia mzito mbele, ana kilo 40 mkononi na mteremko unamsukuma, hawezi kuinua. Mmemnyima breki. Atakimbia mbele ya mkokoteni hadi miguu ichoke, halafu mkokoteni utampita juu. Tena mkimpakilia nyuma sana, tairi linasugua njia nzima na anavuta mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya mteremko mrefu simameni, tazameni kamba, jaribuni kuinua mpini. Usipoinuka kwa urahisi, sogezeni mzigo nyuma kidogo, au mtu wa pili ashike kamba kwa nyuma. Kabla ya kupanda, mtu wa pili asukume nyuma kwa chini, si kwa kuukandamiza mzigo.

SEHEMU YA SITA: KUSHUSHA MZIGO

Hapa ndipo kijana wetu alipoumia. Kanuni ni nne tu:

1. Mkokoteni uwe na stendi ya mbele, na nyuma uwe na mguu mwingine mfupi wa kuuzuia usidondoke nyuma. Jiwe si stendi, kwa sababu jiwe huzuia kushuka tu, halizuii kupaa.
2. Mtu asisimame juu ya mpini wala mbele yake wakati wa kushusha. Watoto wakae mbali kabisa.
3. Anzeni na mitungi ya nyuma. Mpini utazidi kulalia stendi, na hiyo ni salama. Mkimaliza nyuma ndipo mtoe ya mbele.
4. Mkiuza njiani mtungi mmoja mmoja, toeni wa nyuma, kisha wa mbele, kisha wa nyuma, ili uzito ubaki sawa hadi mwisho.

KWA WENYE PUNDA

Vikundi vingi vya Kikuyu, Limuru na huku Dagoretti vinatumia punda. Punda hawezi kuja mkutanoni kusema mpini ni mzito. Anasema kwa vidonda. Mkiona manyoya yametoka au pana kidonda shingoni au mgongoni, msitafute dawa tu, tafuteni na mahali mzigo ulipokaa.

Mambo ni yale yale. Mzigo ukiwa mbele sana, mipini inamkandamiza mgongo na shingo. Ukiwa nyuma sana, mipini inapaa na mkanda wa chini unamkaba tumbo na kifua hata hawezi kupumua vizuri. Mkono mmoja wa mtu mzima uweze kuinua mipini kwa urahisi kabla ya kumfunga. Mkishindwa ninyi, msimwekee yeye. Bodi iwe imelala sawa akiwa amefungwa.

Tena punda hana nundu kama ng'ombe. Nira ya ng'ombe iliyokaa kwenye shingo yake inamchubua. Mkanda mpana wa kifuani, pamoja na mto laini mgongoni wa kubeba mipini, unamfaa zaidi. Na mjue kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inahesabu kumpakilia mnyama kupita kiasi kuwa kosa.

KWA WENZETU WA ZIWANI

Vikundi vya wavuvi, iwe Naivasha au Ziwa Victoria, vinavyovuta mashua kwa trela nyuma ya pikapu, somo hili ni lenu pia, ila vipimo vinabadilika. Gari linakwenda kasi. Trela lenye mzigo mzito nyuma linaanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki, na linaweza kuligeuza gari. Mashua ina hatari hiyo kwa sababu injini iko nyuma.

Marekani, ambako watu wengi huvuta mashua, hushauriwa kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo ikae kwenye ndoano ya gari. Trela na mashua vikiwa kilo 500, basi ni kilo 50 hadi 75. Mtu wa mkokoteni hawezi kubeba kiasi hicho, wala hahitaji, maana anatembea kwa miguu. Angalieni pia gari lenu limeruhusiwa kubeba kilo ngapi kwenye ndoano. Marekebisho ni yale yale: sogezeni mashua mbele, au rudisheni ekseli nyuma. Nyavu, mafuta na nanga viwekwe mahali pamoja kila safari, kwa sababu vikihamishwa kipimo kinaharibika. Trela likianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta pole pole, asipige breki kwa ghafla. Kisha asimame apange mzigo upya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani anavuta mkokoteni wetu? Je, tumewahi kumuuliza mkono wake unabeba nini, na mgongo wake ukoje?
2. Mkokoteni wetu una sentimita ngapi kutoka ekseli hadi mkononi? Mzigo wetu wa kawaida ni kilo ngapi? Pigeni hesabu.
3. Nani anapakia? Analipwa kwa wingi wa mzigo, au kwa safari? Je, malipo hayo yanamsukuma kupakia vibaya?
4. Mtu akiumia kazini, kikundi chetu kitamlipia hospitali kwa mfuko gani? Liandikwe kwenye daftari la kikundi kabla halijatokea.
5. Ni ajali gani tuliyoiita "bahati mbaya" au "uzembe" ambayo leo tunaweza kuieleza kwa hesabu?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi, pamoja na mwenyekiti na mweka hazina, avute mkokoteni uliojaa kwa mita 100, mara moja ukiwa umepangwa vibaya na mara moja ukiwa umepangwa vizuri. Fanyeni hivyo kwenye njia tambarare, na mtu wa pili awe nyuma. Halafu rudini mzungumze mlivyosikia mikononi.

Kile kikundi cha Satellite kilifanya hivyo. Mweka hazina wao, mama wa miaka hamsini na kitu, alivuta mita 20 mzigo ukiwa mbele, akauacha. Ukapangwa upya, akavuta hadi mwisho. Kisha akamgeukia yule kijana akamwambia, "Pole, mwanangu. Sikujua." Siku hiyo hiyo waliamua mkokoteni usitoke bila stendi ya mbele na mguu wa nyuma, na mstari mwekundu ukapigwa juu ya bodi. Bado uko pale, na anayepakia huutazama kwanza.